Kula bata sawa, ila kumwaga bata bustanini hapana

Jumapili moja nlikua nimekaa kwenye bustani hapa Tanga, zile za upande wa baharini, sitaitaja ni ipi maana sitaki ugomvi na mtu, nakula zangu muhogo wa kukaanga na chachandu napunga upepo. Akaja jamaa na baiskeli, kwenye keria kafunga kiroba kinachezacheza. Nkajua kuku. Akasimama pale kwenye kijibwawa cha saruji, kile ambacho zamani kilikua kinarusha maji juu na siku hizi kinasubiri mvua tu, akafungua kamba, akamimina. Nasema akamimina, kama mtu anavyomwaga maganda. Wakatoka bata wawili weupe, vifua vyeusi kwa tope, wakajikunyata ukingoni wanayaangalia yale maji kama wageni waliofika nyumba haina mwenyeji. Jamaa akakunja kiroba chake vizuri, kiroba bado ana kazi nacho, akapanda baiskeli.

Nkamwita, "Kaka, mbona unawaacha?"

Akajibu hata hakugeuka, "Si wana maji hapo dada!"

Hilo jibu ndo limenikalia kichwani mpaka leo naandika. Si wana maji. Na si yeye peke yake, nimewauliza watu kama kumi tangu siku ile, karibu wote wananambia ah bata huyo, ndege wa maji, atajijua. Yani mtu anayejua fika kwamba mbuzi wake hawezi kumpeleka akamwacha porini Handeni akasema si kuna majani, mtu huyohuyo bata anamwona sawasawa na chura.

Sa tuambizane. Yule bata mweupe mnene tunayemuona siku hizi ni wa kufugwa hasa, asili yake China, Wamarekani walimpeleka kwao 1873 wakamfanya ndo bata wa nyama. Amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kitu kimoja, uzito. Babu yake wa porini ana kilo moja na kidogo na anaruka nchi kwa nchi, huyu anafika kilo nne na zaidi, mabawa yaleyale. Haruki. Akikurupushwa anapiga mabawa, anasogea hatua tatu, basi. Alafu mweupe, usiku anaonekana kama shuka limeanikwa, na mjini kwetu usiku kuna mbwa koko, kuna paka shume, na karibu na mitaro kuna kenge. Kwa hiyo umemwacha kwenye maji ndiyo, ila chakula cha humo hakijui, hajawahi kujitafutia hata siku moja, alizoea kusikia sufuria ikigongwa.

Na hayo maji yenyewe sasa. Jua la Tanga mnalijua, kijibwawa kile wiki mbili bila mvua kinabaki futi moja ya uji wa kijani, na ndani yake kuna majani yaliyooza, maganda, saa nyingine na panya aliyekufa. Maji ya moto yaliyotuama na uozo ndo yanalea bakteria ya botulism, na sumu yake kwa bata inaanzia miguuni, anashindwa kusimama, alafu shingo inalegea kabisa, kichwa kinadondokea majini na anazama kwenye maji ambayo hayamfiki hata tumboni. Wapo wanaosema basi si bahari hiyo hapo aende. Aende wapi? Bata wa banda anataka maji baridi, ya chumvi akiyanywa ndo yanazidi kumkausha.

Alafu sisi wenye huruma nasi tuna letu. Tunakuja na watoto jioni, tunamega boflo, tunamega mandazi, chipsi zilizobaki, tunatupia, bata anakimbilia, mtoto anacheka, picha inapigwa. Bata anashiba bila kupata lolote la maana, na vinavyozama vinaoza vinarudi kwenye ule uji nliousema. Na kwa makinda vyakula vya kunenepesha namna hiyo vinahusishwa na bawa kupinda, kiungo cha mwisho kinageukia nje kama mtu amevaa koti upande, akishakua nalo halirudi. Ukitaka kumpa kitu mpe mahindi, mchicha uliokatwakatwa, na kidogo, asichomaliza usikiache.

Mi simlaani moja kwa moja yule jamaa wa kiroba. Nimekaa nyumba ya kupanga Ngamiani, familia sita bomba moja, najua bata anavyofanya uwani. Unanunua vifaranga wawili wa manjano kwa ajili ya mtoto, wazuri utadhani wamechorwa, kufika wiki ya saba ni mijitu mizima inayoingiza midomo kwenye kila beseni, uwa wote tope, mavi mpaka mlangoni kwa mwenzio, na jike likianza kupayuka alfajiri hakuna anayelala. Mama mwenye nyumba anakuja anasema mwanangu, chagua, bata au chumba. Unachagua chumba. Hapo sina neno. Neno langu linaanzia kwenye hatua inayofuata, maana kati ya chumba na bustani kuna vituo vingi tu vya kushuka, kuna shangazi Muheza, kuna jirani mwenye banda, kuna soko, na kuna kisu.

Ndiyo, kisu. Najua hapa nitapoteza baadhi yenu. Wenzetu Uingereza na Marekani wanaookoa bata kwenye mabustani yao wengi hawampi mtu bata mpaka aahidi hatamla, ni utaratibu wao na wana watu wa kuuendesha. Kwetu mi naona mtu aliyemchinja bata wake kwa bismillah akampika na nazi amemtendea haki kuliko aliyemmwaga bustanini akaenda nyumbani anajiona ana huruma, maana huyo wa bustanini naye amemuua, tofauti ni kwamba kazi kamwachia mbwa. Na sheria ya ustawi wa wanyama tunayo, ya 2008, haijaja kukataza mtu kula, imekuja kukataza kutesa. Kula bata sisi tunaijua mpaka kwenye lugha, hatuna haja ya kuona aibu nayo.

Haya, wale wawili tuliwatoaje. Siku ile ile nlimpigia shangazi, yeye kakulia Tongoni na bata tangu hajaanza shule. Mi nlishajaribu kuwakimbiza na mtandio nkaishia kuingia bwawani na viatu. Akaja na bajaji jua limeshaanza kushuka, kashika tenga la kuku na fito mbili ndefu, akaniangalia miguu akacheka mpaka akakaa.

"Mwanangu, bata hakimbizwi. Bata anaswagwa."

Tukasubiri giza liingie kidogo maana anasema wakati huo wanatulia na wanataka wenyewe kwenda mahali. Akanipa fito moja, tukazinyoosha chini kama mikono mirefu, yeye kulia mi kushoto, hatua moja, unasimama, hatua moja, unasimama. Na kweli wale wawili wakaanza kuongozana mmoja nyuma ya mwingine mpaka kwenye kona ya ukuta bila hata kelele. Hapo akainama, akapitisha mkono juu ya mgongo akayabana mabawa yote mawili ubavuni, mwingine chini ya tumbo, kichwa kikatokea nyuma ya kwapa lake. Nlitaka kumshika wa pili miguu nimning'inize kama kuku wa sokoni, nkapigwa kofi la mkono. Miguu ya bata ni myepesi kwa mwili ule, ukimning'iniza unaivunja au unaitegua na bata mlemavu ndo mwanzo wa vidonda. Kijana wa bajaji akauliza, "Hawa bukini mama?" Akajibiwa bukini wana shingo, hawa wana tumbo. (Bukini ni Madagaska ya wazee wetu, basi kila bata mkubwa tunamsingizia katoka huko.)

Kwa shangazi wametengwa na kuku wake, kama wiki mbili hivi, maana bata anaweza kubeba mafua ya ndege na mwenyewe ukamwona mzima kabisa, kuku ndo wakalipia. Hiyo watu wengi wenye roho nzuri wanairuka, anamwokoa bata mmoja anamaliza banda zima. Wamepewa diaba la maji ya bomba. Halina ukubwa wa kuogelea sana, ila kichwa kizima kinazama, na hilo ndo muhimu, bata asipozamisha kichwa macho na pua vinaziba uchafu. Siku ya kwanza waliyanywa tu. Siku ya pili yule mwenye manyoya ya mkia yaliyojikunja, dume huyo, akaingia akakaa katikati hakutoka mpaka adhuhuri, akawa anachokoa pale juu ya mkia penye kitezi cha mafuta anapaka, anachokoa anapaka, na tope lote la kifuani likaanza kuondoka. Mi nlikua na haraka ya kwenda kazini na nlichelewa kwa ajili ya kuangalia bata akijipaka mafuta.

Niseme na hili ili nisijifanye malaika. Mwaka juzi nlimtoa mmoja palepale nkampa mtu aliyeniapia anamfuga. Idd ikamkuta. Nlinuna wiki, alafu nkajiuliza nlikua nataka nini hasa, na jibu nlilopata ni kwamba nlitaka asidanganye, basi. Angesema nakula ningempa vilevile.

Kabaki mmoja bustanini, mbali na wale wawili. Huyu si wa China, ni bata wetu wa mitaani yule mwenye vinundu vyekundu usoni, ambaye naye kwao ni Amerika ya Kusini ukifuatilia, hapigi kelele kama wale, anatoa pumzi tu kama pampu ya baiskeli, na tofauti na weupe huyu anajua kuruka. Siku tuliyojaribu kumswaga alinichora mkono kwa kucha, alama ninayo, akapanda juu ya mkungu na akalala huko. Shangazi kasema fito hapo hazifai, nipeleke tenga niliweke chini ya mti mlango wazi, nimwekee mahindi saa ileile kila jioni nikae mbali nisimwangalie machoni.

Leo siku ya nne. Jana aliingiza kichwa na shingo yote, akala, akatoka kinyumenyume, akanipulizia ile pumzi yake. Bado mwili.