Nilivyoshangilia sare kama nimeshinda

Kwanza ile stori anayoieneza rafiki yangu kuhusu gemu yangu ya chesi, eti niliogopa nikaomba sare huku naongoza, ni uongo mtupu. Ukweli ni mbaya zaidi, kwa hiyo kaeni.

Nilikuwa na kete nyeupe. Nikamfungulia mpinzani na Ruy Lopez, ile namna ya kuanza gemu yenye jina la padri wa Kihispania aliyetoa kitabu cha chesi mwaka 1561, nilikuwa nimeikariri mpaka naitaja usingizini. e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu b5, nimekaa mkao wa profesa. Jamaa akatoa farasi f6. Berlin, jibu gumu kulivunja! Hiyo ndo Kramnik alimchosha nayo bingwa wa dunia Kasparov kule London mwaka 2000, Kasparov akapoteza taji bila kushinda hata gemu moja, sasa mimi ni nani? Niliyokariri yote yakaishia hapo. Malkia wote wakaliwa kufikia muvu ya 8, tukabaki tunasukumana tu, mara paap, nina pawni, ile kete ndogo, imebakiza hatua moja iwe malkia.

Sasa hapa twende polepole. Jamaa anasogeza ngome. Saa ya gemu habonyezi. Ananiangalia. Midomo inacheza, kuna kitu anasema kwa sauti ya kuungama, na mimi moyo unadunda mpaka masikioni, sisikii lolote. Anaandika kitu kwenye karatasi yake ya muvu. Halafu mkono huooo, unakuja juu ya ubao. Nikajua kasalimu amri. Nikaudaka kwa mikono miwili jamani, MIWILI, nikamwambia "pole sana kaka, umepigana", nikasaini karatasi yake bila kusoma, nikatoka nje kifua mbele kutangaza nimemmaliza, na picha nikapiga. (Wewe unayecheka ngoja, haijaisha.)

Matokeo yanabandikwa: nusu kwa nusu. Nikamvaa mwamuzi kwa hasira za mshindi. Akanionyesha karatasi ya jamaa, pale kwenye muvu ya mwisho kuna alama ya =, ndivyo ofa ya sare inavyoandikwa, unacheza muvu, unatoa ofa, ndo unabonyeza saa. Mwenzangu kafuata sheria zote, mimi nimempa mkono, na saini yangu hiyo hapo, tena ya madoido.

Picha nikafuta, kompyuta ikasema nilikuwa nashinda kirahisi, basi. Raundi iliyofuata mpinzani mpya akanyoosha mkono kabla hatujaanza, salamu tu ya kawaida kabla ya gemu.

Nikamuuliza, "Wa nini?"