Nani Atachora Picha za Katikati?

Desemba 2025 matangazo mawili ya Krismasi yalizua mjadala mkubwa Ulaya. La McDonald's ya Uholanzi lilitengenezwa kwa akili mnemba (AI). Watu walilishutumu mpaka likaondolewa baada ya siku chache. La maduka ya Intermarché ya Ufaransa lilisimulia habari za mbwa mwitu anayeogopwa msitu mzima, akajifunza kupika mboga ili wanyama wenzake wamkaribishe mezani. Hilo lilihuishwa na watu, yaani wao ndio walioipa michoro mwendo, katika studio ya Illogic mjini Montpellier, na likapendwa hadi nje ya Ufaransa. Wengi wakasema basi, mkono wa mtu umeishinda mashine. Naona wamewahi mno kushangilia.

Tazama Coca-Cola. Mwaka 2024 ilitengeneza upya kwa akili mnemba tangazo lake la malori mekundu la mwaka 1995. Wajuzi wakacheka kuona magurudumu yanateleza bila kuzunguka. Kelele zilikuwa nyingi, lakini mwaka 2025 kampuni ikarudia njia ileile, na safari hii kazi ambayo zamani ingechukua karibu mwaka ilikamilika kwa takriban mwezi mmoja. Mwenye fedha akishaonja kasi hiyo, gurudumu lililokosewa halimnyimi usingizi.

Na wanaoitetea mashine wana hoja nzito, hasa kwetu. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Studio ya vijana watatu Kampala au Dar es Salaam huacha kompyuta ikifanya kazi usiku kucha ili ipate sekunde chache tu, na umeme ukikatika alfajiri, wanaanza tena. Zana nafuu zimewahi kufungua milango: Flow, filamu ya Latvia iliyotwaa Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo yeyote anaipakua bila malipo. Kwa nini basi tumkataze kijana kutumia mashine itakayomchorea majani ya msitu ili yeye ashughulike na hadithi?

Sina la kupinga hapo. Ninachohofia ni jambo jingine, nalo haliko kwenye ubora wa picha.

Katika uhuishaji wa jadi, fundi mkuu huchora mwanzo na mwisho wa mwendo. Mkono uko chini, mkono uko juu. Mwanagenzi ndiye huchora za katikati, na humo ndimo anamojifunza kwamba mkono wa mzee hauinuki kama wa mtoto, kwamba kitu kizito huchelewa kuondoka na huchelewa kusimama. Kazi hiyo inachosha. Hakuna anayeitengea fedha kwa ajili ya elimu. Hulipiwa na tangazo la sabuni, la benki, la vocha za simu. Filamu fupi zenyewe hazilipi. Studio nyingi hula kwa matangazo, na muda unaobaki ndio unaozaa filamu.

Mwaka 2023 Disney+, huduma ya filamu mtandaoni, ilitoa Kizazi Moto, filamu fupi 10 za uhuishaji kutoka nchi sita za Afrika, zikiwamo za wakurugenzi Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Wakurugenzi hao hawakuchipuka usiku mmoja. Mukii alikuwa ametoa filamu fupi ya Yellow Fever mwaka 2012, na studio ya Malinga ilitoa filamu yake fupi ya Kalabanda mwaka 2017. Ni miaka ya kuchora, kukosea na kuchora tena. Mashine ikichukua matangazo yote madogo, fundi aliyekwisha iva atanufaika kweli, maana jicho lake linajua kosa liko wapi. Anayeanza leo atalipata wapi jicho hilo?

Kwa hiyo sitaki wateja wasusie akili mnemba. Iachwe ichore mawingu, umati wa watu na taa za mji. Ila mwendo wa mhusika, hata wa sekunde tano, uwekwe kwenye mkataba kama kazi ya mtu, tena mwanagenzi, na ujira wake uandikwe kwenye bajeti kabla kazi haijaanza.