Kabla hujamwita mtu mvivu, tazama siku ya malipo

Kwa misimu miwili nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, huku kwetu Rungwe. Mchumaji anafika na gunia, nalitundika kwenye ndoano, nasoma mshale, natoa uzito wa gunia, naandika kilo kwenye daftari langu na kwenye kadi yake. Kazi ndiyo hiyo tu. Lakini pale kabla sijataja namba, mtu hapumui. Mama ametoka shambani na mvua, tope limempanda hadi magotini, na macho yote yako kwenye mshale. Akitarajia kumi na sita, nami nikasema kumi na tisa, uso mzima unabadilika. "Ndaga, mwanangu," yaani asante. Anakunja gunia na kurudi shambani, uji hata hajaugusa.

Msimu wa pili ilitangazwa bonasi kwa atakayefikisha kilo zilizowekwa kwa mwezi. Mwezi huo watu walichuma tangu ukungu haujainuka. Nilipokea majani mazuri kuliko wakati wowote: majani mawili na chipukizi, laini, bila vijiti. Mwisho wa mwezi bonasi haikutoka. Tukaambiwa mwezi ujao. Mwezi ujao nao ukapita. Kufikia wa tatu, magunia yalikuwa mepesi na majani yamekomaa, yanakwaruza mkono. Msimamizi akasema mbele ya watu, "Mmeanza uvivu." Nilinyamaza siku ile, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Baadaye, nilipoanza kusoma habari za ubongo, nilikutana na dopamini. Wengi wanaiita kemikali ya furaha, na nadhani jina hilo limetupotosha sana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa Sweden, Arvid Carlsson, alionyesha kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe ndani ya ubongo, kazi iliyokuja kumpa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Lakini aliyenifungua macho mimi ni mtafiti mwingine wa ubongo, Wolfram Schultz. Yeye alipima seli za dopamini za kima waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli ziliwaka juisi ilipofika. Kima walipozoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zikaanza kuwaka kwa ile taa, na juisi yenyewe ikija hazishtuki tena. Kisha taa ikawaka na juisi isije. Pale pale ambapo juisi ilitarajiwa, seli zikanyamaza, zikashuka chini hata ya kiwango chao cha kawaida.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Kumbe juisi isiyokuja hairudishi mambo pale yalipokuwa kabla ya ahadi. Inayashusha chini zaidi. Najua mshahara wa mwezi si tone la juisi, na mama wa Rungwe si kima wa maabara. Mtu ana ada za shule, ana deni dukani, ana hesabu zake kichwani. Ila nilichokiona kwenye mizani yangu kilifanana na hicho mno: kilo hazikurudi zilipokuwa kabla ya kutangazwa bonasi. Zilishuka chini yake.

Kuna na utafiti wa Kent Berridge, wa Marekani, kuhusu panya walioharibiwa seli za dopamini. Panya hao hawakuinuka kufuata chakula hata kikiwa karibu. Wangeachwa wangekufa njaa. Lakini walipotiwa maji ya sukari mdomoni, walilamba midomo kwa utamu ule ule wa panya wengine. Kupenda kulikuwepo. Kilichokosekana ni kule kuinuka kukifuata kitu. Kwa hiyo mtu anaposema "hawa hawapendi pesa, ndiyo maana hawajitumi," mimi siwezi kukubaliana naye. Pesa wanaipenda. Kinachokufa ni imani ya mwili kwamba ukinyoosha mkono utapata.

Kemikali nyingine zipo, na kila moja ina zamu yake. Kotisoli hutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, hupanda asubuhi kutuamsha, na hupanda tena tukitishwa. Anayefoka mbele ya mizani kila siku ajue anaichochea. Hata chai tunayoichuma inahusika, maana kafeini yake huziba milango ya adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni kadiri tunavyokaa macho na kutuletea usingizi. Inakuamsha, ndiyo. Lakini ahadi iliyovunjwa, chai haiwezi kuiponya.

Ndiyo maana sipendi mtindo wa kukodi ukumbi hapa Mbeya mjini, kumleta mhamasishaji apaze sauti siku nzima, huku posho za miezi miwili hazijalipwa. Ile hela ya ukumbi ingelipwa kwenye posho. Mhamasishaji anawasha taa nyingine, na watu wameshajifunza taa za hapo huleta nini.

Sasa nina vijana saba wanaochambua parachichi kwenye ghala langu Uyole. Sijawahi kuwatangazia bonasi. Nalipa Jumamosi saa kumi jioni, na mara chache mnunuzi akilipa vizuri naongeza kitu bila kusema kabla. Mwaka jana mnunuzi alichelewesha hela. Alhamisi asubuhi niliwaita kabla hawajafungua kreti hata moja, nikawaambia Jumamosi hakuna kitu, nitalipa Jumatano. Nilikuwa naogopa. Mkubwa wao akaniuliza, "Jumatano kweli, kaka?" Nikamwambia kweli. Akashika tunda, akalibonyeza karibu na kikonyo, akaliweka upande wa yaliyoiva.

Jumatano hela ya mnunuzi ilikuwa bado. Nilikopa kwa shemeji yangu Mwanjelwa, nikapanda daladala na bahasha saba kifuani, na saa kumi nilikuwa mlangoni pa ghala.