Fremu Imemla Mchoraji Jina

Jumamosi iliyopita tulikwenda kula mchana kwenye mkahawa mmoja hapa Dar, mimi na binti wa dada yangu. Picha yake imetundikwa pale, juu ya meza ya pili kutoka mlangoni: wanawake watatu wakiparua samaki Feri, mmoja kanga imemteleza begani. Aliichora kwa miezi minne, akaiuza kwa bei ya kutupa ili walau watu waione. Tukasimama kuitazama. Kona ya chini kulia, pale alipoandika jina lake kwa rangi nyekundu, fremu imepanda juu. Umebaki mkia wa herufi ya mwisho tu, kama uzi uliochomoka kwenye pindo.

Nikamwita msimamizi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, picha si tumeshailipia?" Binti akanishika mkono. "Mamdogo, tuache, tule." Yeye mwenyewe hakula.

Usiku ule nilimwaza Lois Mailou Jones. Wanaofuatilia wachoraji Weusi wa Marekani wanamjua. Kinachonikaa rohoni kuhusu mama huyu, kuliko hata rangi zake, ni vita alivyopigana maisha yake yote kwa ajili ya neno moja dogo kwenye kona ya picha.

Alizaliwa Boston mwaka 1905. Baba yake alikuwa msimamizi wa jengo, akasoma sheria ukubwani mpaka akawa mwanasheria. Lois akasoma kwenye chuo cha sanaa cha makumbusho ya Boston, akamaliza mwaka 1927, akaanza kuchora maua ya vitambaa vya mapazia na viti. Maua yakauzika. Siku moja akakikuta kitambaa chake kwa mpambaji wa nyumba, akasema kwa furaha kwamba ule mchoro ni wake. Mwenye duka hakuamini kwamba msichana mweusi anaweza kuchora vile. Pembeni ya kitambaa palikuwa na jina la mchoro. La mchoraji halikuwapo.

Sisi watu wa kanga tunalielewa jambo hili bila kuelezwa. Kanga ina maneno yake, ina alama ya mfanyabiashara, na mtu huweza kukumbuka miaka thelathini kanga aliyopewa na bibi yake. Lakini ile korosho katikati ya mji wa kanga, nani aliichora? Mtu alikaa na kalamu, akafuta, akarudia. Hatumjui. Na hatujawahi kumuulizia.

Lois akaacha vitambaa. Alitaka kujulikana kwa jina, akaingia kwenye picha. Alipoomba kazi ya kufundisha pale pale aliposomea, akaambiwa aende kusini akawasaidie watu wake. Akaenda kweli, North Carolina, na mwaka 1930 akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Alifundisha hapo mpaka 1977. Elizabeth Catlett, mchongaji sanamu aliyekuja kuwa maarufu, alipita mikononi mwake.

Mwaka 1937 akaenda Paris kusoma kwenye shule ya sanaa ya Académie Julian. Huko ndiko alikochora *Les Fétiches*, mwaka 1938: vinyago vya Kiafrika vya kuvaa usoni vimepandana gizani, kimoja kikubwa mbele chenye mistari, na pembeni kijisanamu chekundu kama kaa la moto. Walimu wake wakashangaa, wakaona haifanani na kazi zake. Akawajibu kwamba kama wachoraji wa Ulaya, akina Picasso na Modigliani, wanaruhusiwa kuchota Afrika, yeye ana haki zaidi yao.

Kisha likaja la mwaka 1941. Jumba la sanaa la Corcoran, Washington, lilikuwa na mashindano, na mchoraji Mweusi haruhusiwi kuingia. Lois alikuwa na picha ya vibanda vya biashara vya Wahindi Wekundu kule Gay Head, kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard alikokuwa akienda tangu utotoni. Rafiki yake Mfaransa, Céline Tabary, mwanamke mweupe, akaipeleka kwa niaba yake. Picha ikashinda tuzo. Lois hakuweza kwenda kuichukua mwenyewe.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Mwanamke aliacha kazi yenye malipo kwa sababu jina lake halionekani, halafu ushindi wake mkubwa ukaja kwa kulificha jina hilo hilo. Alijisikiaje, Washington ile ile, anaamka asubuhi anakwenda kufundisha, na picha yake imetundikwa mtaa wa pili? Mtu ataniambia kwamba angalau majaji walitazama kazi bila kumtazama mtu. Sawa, hilo silikatai. Lakini wao hawakuchagua kutomtazama mtu. Mtu alizuiwa mlangoni. Corcoran walimwomba radhi mwaka 1994, miaka 53 baadaye, akiwa ajuza aliyebakiza miaka minne ya kuishi.

Nakubali pia, shingo upande, kwamba picha ikishanunuliwa ni mali ya mnunuzi. Aitundike jikoni akitaka. Ila alinunua picha, na jina ni sehemu ya picha kama samaki walivyo sehemu ya picha. Mchoraji kalipaka kwa mkono ule ule, kwa burashi ile ile.

Lois alizunguka nchi 11 za Afrika mwaka 1970 akikusanya habari za wachoraji wa huku. Alikuja kuuliza majina. Miaka miwili baadaye akachora *Ubi Girl from Tai Region*, uso wa msichana uliopakwa rangi, macho yanakutazama moja kwa moja. Picha hiyo ni mali ya makumbusho ya Boston, ambayo chuo chake kilimnyima kazi. Imeandikwa jina lake.

Jana nimepima kwa rula. Fremu ikipungua sentimita mbili upande wa chini, jina lote linaonekana. Nimeshaongea na fundi wa Keko, na Jumatano narudi pale mkahawani na fremu mkononi. Gharama ni yangu.