Morgenthau alijua hesabu, majira ndo yalimshinda

Kuna asubuhi moja ya Novemba 1933 huwa siipiti nikisoma habari za ule Mdororo Mkuu wa Marekani, uchumi ulipoanguka miaka ya 1930. Rais Roosevelt bado yuko kitandani, na Henry Morgenthau, jirani yake wa miaka mingi, kaja chumbani ili wapange leo serikali inunue dhahabu kwa bei gani. Morgenthau anapendekeza waongeze kati ya senti 19 na 22, rais anasema basi weka 21, ni namba ya bahati, si ni tatu mara saba? Imeisha hiyo. Morgenthau akaenda kuandika kwenye shajara yake kwamba watu wangejua bei inavyopangwa wangeingiwa na hofu, na mimi namwelewa kabisa.

Manake huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Hakuwa mchumi pia, Cornell alisoma bila kumaliza, alikuwa mkulima wa matufaha jimboni New York, halafu Januari 1934 akawa Waziri wa Fedha mpaka 1945. Mkulima anajua shamba likizidiwa na madeni linapigwa mnada, kwa hiyo nakisi ya bajeti, yaani serikali kutumia zaidi ya inachokusanya, ilikuwa inamkosesha usingizi. Na bado yeye ndo alikuwa anauza hati fungani (karatasi za serikali kukopa) kulipia kazi za dharura za kuwapa ajira wasio na kazi, bajeti ikagawanywa mbili, ya kawaida ijitosheleze na ya dharura ndo ikopewe. Wengine wanaita kiini macho, mimi naona jamaa alikuwa anatafuta namna ya kukopa bila kujichukia.

Lawama yangu iko 1937. Uchumi umeanza kuinuka kidogo, yeye akaona sasa ndo muda wa kufunga mkanda, matumizi yakakatwa, na mwaka huohuo makato ya hifadhi ya jamii yakaanza kutoka kwenye mishahara, bonasi ya wanajeshi wa zamani iliyolipwa 1936 ndo ishapita, na Federal Reserve, benki kuu yao, nayo ikalazimisha benki zishike akiba kubwa zaidi (tusimbebeshe yeye peke yake). Wasio na kazi walikuwa kama asilimia 14, mwaka 1938 wakafika karibu 19. Na Novemba 1937, mambo yakiwa yanaporomoka, Morgenthau anasimama New York kuahidi kwamba bajeti itasawazishwa, kuna aliyeangua kicheko humohumo ukumbini.

Kinachoniudhi ni kwamba mkulima wa matufaha angetakiwa aone mapema kuliko wote. Mjenga barabara ukimwachisha kazi hanunui matufaha, mwenye matufaha naye hana mapato ya kukatwa kodi, sasa hiyo bajeti utaisawazisha na nini?

Aprili 1938 Roosevelt akaliomba Bunge zaidi ya dola bilioni 3 za kuinua uchumi. Morgenthau alimwambia anafikiria kujiuzulu. Hakujiuzulu, akarudi ofisini kuzikopa.