Katekista Anahitaji Mtu Benchi la Nyuma

Barua ya semina ya makatekista, walimu wa dini wa Kanisa Katoliki, husomwa baada ya matangazo ya ndoa, na kila mara najikuta nikitabasamu. Siku mbili ukumbini, daftari jipya, chai na mandazi, picha ya pamoja na Padre. Jumamosi inayofuata mwalimu yuleyule anasimama peke yake mbele ya watoto hamsini wa komunyo ya kwanza, hana ubao, na hakuna atakayeingia kumwona akifundisha hadi semina nyingine.

Nimefundisha hivyo hapa Nakuru kwa miaka sita. Nilianza nikijua sala na kupenda watoto, basi. Aliyenilea hakuwa semina. Alikuwa mama mmoja mzee wa jumuiya yetu, aliyekuja na kufuma kwake akakaa benchi la nyuma. Siku ya kwanza alinisubiri watoto watoke, kisha akasema, "Mwalimu, maswali yote uliyouliza ulikuwa na jibu lake mfukoni. Hawa watoto wana ya kwao."

Jumamosi iliyofuata niliacha dakika kumi za mwisho wazi. Msichana mmoja akauliza yuko wapi babake, waliyemzika mwezi uliopita bila kubatizwa. Nilikimbilia kitabu, nikawa nageuza kurasa tu. Mama akaja mbele polepole, akamwuliza mtoto baba alikuwa mtu wa namna gani. Mtoto akasema, wengine wakaongeza kuhusu waliowapoteza wao, halafu tukawaombea wote kwa majina. Nilijifunza siku ile kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari zangu tatu.

Na Kanisa lenyewe halina utata hapo. Mwongozo wa katekesi, yaani mafundisho ya imani, uliotolewa Vatikano mwaka 2020 unahesabu kujua kuwa pamoja na watu kama sehemu ya malezi ya katekista, sambamba na kujua imani na kujua kuifundisha. Mwezi Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko akaifanya kazi hiyo kuwa huduma rasmi ya walei, waumini wasio mapadre wala watawa. Ni heshima kubwa. Ila sijaona heshima ikifika kwenye darasa la Jumamosi, na semina haiwezi kuifikisha, kwa sababu mtu hujifunza kuwa pamoja na watu kwa kuonekana akiwa nao.

Kuna suala la pesa pia, nalo hutuchanganya kwa sababu tunaita kila mtu katekista. Mimi niliyefundisha saa mbili kwa wiki na nina kazi yangu ya kuniweka mjini sidai mshahara. Nauli ya matatu na kitabu kimoja kwa kila watoto wawili vingenitosha. Yule wa kigango, kanisa dogo la mbali na parokia, ni habari nyingine. Padre anafika kwake mara moja kwa mwezi, pengine barabara ikiwa kavu. Jumapili zilizobaki yeye ndiye anaongoza ibada ya Neno, anawatembelea wagonjwa, anafundisha wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa, na kukitokea msiba ndiye anaitwa usiku. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, ulisema mwaka 1965 kwamba anayejitoa kabisa kwa kazi hii alipwe kwa haki na aishi maisha ya heshima. Kanuni ya 231 ya sheria za Kanisa za 1983 inaweka mambo mawili pamoja: wajibu wa kulelewa vizuri, na haki ya malipo yanayomtosha yeye na jamaa yake. Sisi tumeshika nusu ya kwanza, tena kwa ncha ya vidole.

Najua atakayesema kwamba ukilipa utawavutia wasaka kazi. Labda. Lakini sijasikia hoja hiyo ikitolewa siku ya kumlipa fundi wa mnara wa kanisa.

Yule mama sasa haoni vizuri, na miguu haimruhusu kufika kanisani Jumamosi. Tangu Januari nimehamia kiti chake. Darasa limechukuliwa na kijana aliyemaliza chuo juzi, mchangamfu, anaongea kasi kama kondakta wa matatu za mtaa wetu wa Kaptembwo. Wiki iliyopita alimaliza somo dakika ishirini kabla ya wakati, akanitazama kwa hofu. Nikamwashiria kwa kidole: waulize wao.