Bawa refu au bawa pana? Uwiano peke yake hautoshi

Ndege za abiria aina ya Dash 8-400 za Air Tanzania zinazotua Tabora na Kigoma zina mabawa marefu na membamba. Wembamba huo hupimwa kwa uwiano wa bawa: chukua urefu kutoka ncha hadi ncha, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa eneo la mabawa yote. Mita 28.4 kwa mita za mraba 63 ni 12.8. Cessna Caravan, ndege ndogo, mita 15.9 kwa mita za mraba 26, ina 9.7.

Kanuni ni nyepesi. Watu hukosea vipimo. Chukua droni yenye mabawa ya mita 2, upana (kutoka mbele hadi nyuma ya bawa) sentimita 30 shinani, yaani bawa linapoungana na kiwiliwili, na 15 nchani. Wastani ni sentimita 22.5, eneo mita za mraba 0.45, jibu 8.9. Ukitumia upana wa shinani peke yake utapata 6.7. Ukipima bawa moja tu, utapata 4.4, yaani nusu. Sehemu inayopita ndani ya kiwiliwili nayo huhesabiwa. Ukiiacha, eneo linapungua na jibu linaharibika.

Wanaopenda uwiano mkubwa wana hoja. Hewa ya chini ya bawa, yenye shinikizo kubwa, huzunguka nchani kwenda juu na kuzaa ukinzani, yaani nguvu inayoivuta ndege nyuma. Bawa refu hupunguza hasara hiyo, hasa ndege inapopanda kwa mwendo mdogo.

Wapinzani wao hutazama shina. Bawa likirefuka, nguvu ya kulikunja hapo huongezeka, na bawa jembamba kwa kawaida huwa na kina kidogo cha kuwekea mhimili, boriti ya ndani inayobeba mzigo wa bawa. Mhimili huongezwa uzito, la sivyo bawa linatetemeka. Kulaza ndege ubavu nako huwa kuzito.

Kwangu, pande zote mbili hubishania namba isiyo yenyewe. Kwa uzito na mwendo ule ule, ukinzani wa nchani hufuata urefu wa mabawa, si uwiano. Punguza upana wa droni ile kwa nusu bila kugusa urefu: uwiano unaruka hadi 17.8, ukinzani huo uko palepale! Kinachopungua ni msuguano wa hewa kwenye ngozi ya bawa. Gharama yake ni kwamba mwendo mdogo kabisa wa kubaki hewani unapanda kwa asilimia 41. Tabora, takriban mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 11 hata kabla ya joto la mchana, kwa hiyo mwendo huo wa ziada unadai njia ndefu zaidi ya kurukia.